Theremin, mutu aliyefanya mwili wa muchezaji utoe muziki

Leo muchezaji wa dansi anaweza kujifunga vipimo vidogo vya umeme ku mikono na miguu, na kila anapojitikisa mashini inatoa muziki. Wengi wanafikiri ni mambo ya jana. Kumbe Murusi mumoja alianza mbele ya vita ya 40.

Jina lake Lev Termen. Wafaransa wanamwita Léon Theremin. Alizaliwa Saint-Pétersbourg mwaka 1896. Karibu na mwaka 1920 alikuwa anatengeneza chombo cha kupima gazi, akaona kwamba akisogeza mukono karibu nacho, sauti inabadilika. Kwa kuwa alijua kupiga violonsele, akaanza kupiga nyimbo mu hewa, bila kugusa kitu. Mu 1922 alimuonyesha Lenin, kisha 1927 akafika New York.

Kule njo alijenga terpsitone. Chini ya sakafu aliweka sahani ya chuma. Muchezaji akiinama, sauti inashuka. Akinyanyua mikono, inapanda. Si kufuata muziki tena: mwili wenyewe njo unaupiga. Lakini ilikuwa kazi nguvu, maana hata kutetemeka kidogo kunasikilika. Mu 1932, ku Carnegie Hall, aliyeiweza ni Clara Rockmore, na yeye hakuwa hata muchezaji, alikuwa mupiga violoni. Sikio lilimusaidia kupita miguu.

Theremin alioa Lavinia Williams, muchezaji mweusi wa Marekani. Marafiki wengi wazungu wakamukimbia. Mu 1938 alirudi Urusi peke yake, bibi akabaki. Mwaka uliofuata wakamukamata: miaka 8 ya kifungo. Wakamutuma Kolyma, inchi ya baridi kali ambako wafungwa walichimba dhahabu. Ile mikono ya muziki ikasukuma vigari vya mawe. Hata pale alitengeneza njia ya mbao ili vigari vipite mbio.

Baadaye serikali ilimutoa kule, ikamufungia mu maabara. Chombo chake cha kusikiliza kwa siri, kisicho na betri, kilifichwa ndani ya ubao waliomupa balozi wa Marekani mu 1945. Wamarekani walikivumbua paka 1952.

Lavinia hakumuona tena. Alienda Haiti kufundisha dansi, akafa mu 1989. Mwaka ule ule, Theremin, sasa muzee wa miaka zaidi ya 90, njo aliachiliwa kusafiri mpaka Ufaransa. Alikufa Moscow mu 1993.