Bilali Muhammad

Bilali Muhammad (alizaliwa Timbo, Futa Jallon, katika nusu ya pili ya karne ya 18; alifariki Georgia mnamo 1857) alikuwa Mwislamu kutoka nchi ambayo leo ni Guinea, aliyeishi kama mtumwa nchini Marekani. Anajulikana kwa hati aliyoiandika kwa Kiarabu na kwa desturi ya sadaka iliyodumu katika familia yake.

Maisha
Alitekwa akiwa kijana, akapelekwa kwanza visiwa vya Bahama. Mwanzoni mwa karne ya 19 alinunuliwa na Thomas Spalding, mwenye mashamba katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia. Huko alikuwa mnyapara wa mamia ya watumwa. Wakati wa vita vya mwaka 1812 dhidi ya Waingereza alikabidhiwa bunduki 80 ili kulinda kisiwa. Pamoja na mkewe Phoebe alisali kwa nyakati maalumu na kutumia tasbihi. Baadhi ya binti zao waliitwa Fatima na Medina.

Hati
Hati yake ina kurasa 13. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kumbukumbu za maisha yake. Mwaka 1940 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg alionyesha kwamba sehemu zake zimetoka katika Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki, na zinahusu udhu na sala. Leo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia.

Sadaka
Katika miaka ya 1930 vitukuu vyake, ambao walikuwa wamekulia katika jamii ya Kikristo, waliwasimulia watafiti jinsi bibi zao walivyotengeneza mikate midogo iliyoitwa saraka. Mchele ulilowekwa usiku kucha, ukatwangwa kinuni, ukachanganywa na asali au sukari, kisha watoto wakaitwa kugawiwa. Mwanahistoria Sylviane Diouf ameeleza kwamba neno hilo ni sadaka ya Kiislamu, iliyotolewa na wanawake wasiokuwa na mali. Kwa watafiti wa Uislamu Marekani, desturi hiyo ni ushahidi kwamba watumwa Waislamu hawakushika ibada za mtu binafsi tu, bali pia wajibu wa kuwapa wengine.