Joginder Hakuwa Mtu wa Papara

Kwa mtu wa pwani aliyezoea nchi tambarare, safari ya matatu kutoka Kisii mjini kwenda Keroka ni safari ya kusomea dua. Vilima vimebanana, migomba imeteremka mpaka ukingoni mwa lami, na mvua ya alasiri ikishanyesha udongo mwekundu hutiririka barabarani ukawa kama sabuni. Nilikaa huko miaka kadhaa kwa ajili ya kazi, na katika safari hizo nililizoea jina moja. Dereva akikata kona kwa fujo, au akilipita lori kwenye mpando na hali haoni mbele, hakosi mama mmoja kiti cha nyuma wa kumwuliza kama anajidhani yeye ni Joginder. Abiria hucheka. Dereva naye huona amepewa sifa, akazidi kukanyaga mafuta.

Neno hilo si la Kisii na Nyamira peke yake, limetumika Kenya nzima, na hata sisi Mombasa tumelisema. Lakini kule ndiko lilikonikaa moyoni, kwa sababu barabara zile zimekwisha kula watu wengi, na kwa sababu marehemu Joginder Singh alikuwa mtoto wa jirani pale pale. Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Ukitoka Keroka ukapita Sotik, Kericho haiko mbali. Ni nchi ile ile ya chai na mvua inayoungana na Nyamira. Kumfanya mtu huyu kuwa mfano wa uendeshaji wa kiwazimu ni kumdhulumu, nami nataka kueleza kwa nini.

Baba yake alikuwa fundi wa magari aliyehamia kutoka Punjab. Kijana alikulia ndani ya gereji, mikono imeroa grisi, akijifunza gari kwa kulifungua na kulifunga. Sisi watu wa pwani tunajua sana habari hii, maana kwetu Kalasinga na spana ni kama chanda na pete. Mwaka 1958 chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama: huyu radieta imechemka, yule ekseli imekatika, mwingine yumo matopeni tangu alfajiri. Nadhani hiyo ndiyo chuo aliyosoma. Mtu anayeshinda akiyatazama magari yaliyovunjika hujua gari huvunjikia wapi, na hujua zaidi ni dereva wa namna gani huyavunja.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, yakifanywa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na baadaye yakahamishiwa siku za Pasaka. Wasomaji wa makamo watakumbuka umati uliokuwa ukijipanga Mombasa kuyangoja magari yaingie yakiwa yametapakaa vumbi hata rangi haijulikani. Joginder aliyaingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akayaendesha mpaka 1980. Katika muda huo alishiriki mara 22 na kumaliza mara 19.

Naomba msomaji azitue hesabu hizo kidogo. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na yakamaliza 7 vile vile. Mengine yalibaki mitoni, mabondeni na matopeni, wenyewe wamekaa juu ya boneti wakingoja trekta. Na kwenye mashindano ya namna hiyo mtu anafika mwisho mara 19 kati ya 22! Dereva wa papara hawezi jambo hilo hata kwa bahati, maana bahati haidumu miaka ishirini.

Lakini hadithi niipendayo mimi ni ya mwaka 1965. Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilikuwa kimeleta magari yake kwenye mashindano ya 1964, na mambo hayakukiendea vizuri. Mojawapo ya magari yale, aina ya PV544, lenye mgongo wa duara kama kobe, likabaki huku likiwa limechakaa kwa kazi. Joginder na nduguye Jaswant wakalinunua. Machoni pa wengi kilikuwa chombo kilichokwisha tumika na kushindwa. Ndugu wawili wakaliingiza gereji, wakalikongoa, wakalitengeneza upya kwa mikono yao, kisha Pasaka ya 1965 wakaenda nalo mashindanoni, Joginder kwenye usukani na Jaswant kando yake. Wakashinda. Timu zilizotoka Ulaya na magari mapya, mafundi na akiba ya vipuri, ziliachwa nyuma na gari la mkono wa pili lililofungwa na fundi aliyelijua kila msumari.

Ushindi wa pili aliupata mwaka 1974, katika gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Lancer, pamoja na David Doig. Nyuma yake alifuata Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 akashinda tena na Doig huyo huyo, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mbele. Akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Waingereza walimwita Kalasinga Arukaye, Wakenya wakamwita Simba, na kilemba chake kikajulikana mpaka vijijini ambako watu hawakupata kumiliki hata baiskeli.

Na labda hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu aliyesimama kando ya njia aliona nini? Aliona vumbi, akasikia mngurumo, gari likapita. Hakuona usiku wa kukaza nati. Hakuona mguu ukiachia mafuta kabla ya korongo, wala dereva akishuka kupima kina cha mto kwa fimbo kabla hajatia gari majini. Alichoondoka nacho nyumbani ni mbio tu, na hizo mbio ndizo alizowarithisha watoto wake.

Ndiyo maana nayapenda maonyesho ya magari ya zamani, ingawa wako wanaoyaona ni anasa ya matajiri. Tangu mwaka 1970 Nairobi imekuwa na maonyesho yaitwayo Concours d'Elegance, yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Nilipokwenda mimi nilidhani nitakuta watu wanashindana kwa kung'arisha rangi. Kumbe waamuzi walikuwa wanalala chali kwenye nyasi, wakichungulia chini ya magari, wakipitisha kidole ndani ya bawa la gurudumu kutafuta tope, wakifungua boneti na kuikagua injini kama daktari anavyomkagua mgonjwa. Gari linahukumiwa kwa kule kusikoonekana na mpita njia. Nikasema moyoni, hapa marehemu Joginder angekuwa kwao.

Natamani siku moja maonyesho ya namna hiyo yafike Kisii, kwenye uwanja wa Gusii, na vijana wa Nyamira waje na Peugeot zao kuukuu zilizobeba abiria na ndizi miaka na miaka. Mafundi wa kule, wanaofua springi chini ya mwembe na kufufua magari yaliyokwisha kufukiwa na majani, ndio ndugu halisi wa yule aliyeifufua Volvo. Wangelielewa gari lile mara moja, pengine kuliko wakubwa wa Nairobi. Na dereva wa matatu akisimama mbele yake akaelezwa lilivyoshinda, huenda siku nyingine mama wa kiti cha nyuma atalitaja jina lile kwa kumtuliza.

Joginder alimalizia umri wake Uingereza, akafariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari yenyewe ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa mwaka 2021, siku hizi ikikimbiwa zaidi pande za Naivasha. Ila tangu 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani, yale yanayoitwa Safari Classic, na mara kadhaa yameanzia au kumalizikia kwetu Mombasa. Yakija tena, msomaji, nenda uyatazame kabla hayajaoshwa. Yaache hayo maandishi ya ubavuni. Chuchumaa uangalie chini: bamba la chuma linalokinga injini, mikwaruzo ya mawe, springi zilizoongezwa majani, na boliti zilizofungwa kwa waya zisilegee njiani.