Fadhili William Mdawida: Sauti ya "Malaika" na Swali la Mtunzi

Katika historia ya muziki wa Kiswahili nchini Kenya, jina la Fadhili William Mdawida haliwezi kupuuzwa. Alizaliwa mwaka 1938 katika jamii ya Wataita, na jina lake la mwisho lajulisha asili hiyo, kwani Wataita hujiita Wadawida. Alijitosa katika muziki angali kijana, akipiga gitaa na kuimba katika kundi la Jambo Boys. Baadaye alijiunga na Equator Sound Band, bendi ya studio ya Charles Worrod jijini Nairobi, ambamo alishirikiana na wasanii kama Daudi Kabaka.

Wimbo uliompa umaarufu ni "Malaika". Aliurekodi na Jambo Boys mwaka 1960, kisha akaurekodi upya na Equator Sound Band mwaka 1963. Maudhui yake ni mapenzi yanayoshindwa na umaskini: kijana anampenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Wimbo huo ulivuka mipaka upesi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. likautoa mwaka 1981.

Hata hivyo, sifa hizo ziliandamana na shutuma nzito. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika, alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga wimbo huo mwaka 1945, baada ya mpenzi wake kuozwa mwanamume tajiri. Wapo wengine waliotajwa kuwa watunzi, akiwemo Lucas Tututu wa Mombasa. Kwa maoni ya waliomuunga mkono Salim, Fadhili alivuna asichopanda, akajitajirisha kwa kipawa cha msanii mwenzake aliyekuwa mnyonge. Fadhili naye alishikilia kwamba wimbo ni wake, uliotokana na mapenzi yake mwenyewe yaliyokwama kwa kukosa mahari.

Mgogoro huu ulikuwa mgumu kuamua kwa sababu ya namna nyimbo zilivyoishi wakati huo. Wimbo wa dansi, sawa na ngano au methali, ulipita mdomo kwa mdomo. Aliyeusikia aliuimba, akaongeza au kupunguza. Sheria ya hakimiliki, kwa upande wake, huhitaji kazi iwe imehifadhiwa katika umbo la kushikika. Aliyefika studioni kwanza alikuwa na sahani ya santuri ya kuonyesha. Aliyebaki nje alikuwa na kumbukumbu tu. Ndiyo maana Fadhili alitambuliwa kuwa mtunzi katika malipo ya mirabaha, ilhali Salim alibaki na madai yake.

Fadhili aliishi Marekani kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea Kenya, akafariki mwezi Februari mwaka 2001. Hapana shaka kwamba sauti yake ndiyo iliyoutoa wimbo huo Afrika Mashariki ukaenea duniani. Lakini utekelezaji si utunzi. Iwapo Salim alisema kweli, basi wimbo unaomlilia maskini aliyenyang'anywa mpenzi kwa kukosa mali ulimpokonya maskini huyo huyo mara ya pili. Iwapo Fadhili ndiye mkweli, basi alizikwa na tuhuma asizostahili. Kwa vyovyote vile, mmoja wao alidhulumiwa, na mchumia juani hakulia kivulini.