Jean de Heinzelin, mtu aliyefukua mfupa wa Ishango

Wavuvi wa Uvira, wa Rugenge kama wa mitaa mingine, wanafuata mwezi. Usiku wa giza wanawasha taa na ndagala wanakuja. Mwezi ukijaa mitumbwi inabaki ufukoni, kwa sababu mwangaza wa taa hauvuti tena samaki. Lakini tangu lini watu wa maziwa haya wanahesabu siku za mwezi? Swali hilo lilipata uzito kutokana na kazi ya mtaalam wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt.

De Heinzelin alizaliwa mwaka wa 1920. Mwaka wa 1950, Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji, alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, ndani ya mbuga inayoitwa leo Virunga, Kivu Kaskazini. Kati ya vitu vya wavuvi wa kale alikuta mfupa wa kahawia, wenye urefu wa sentimita 10 hivi na kipande cha jiwe gumu kwenye ncha.

Mfupa huo una mikato iliyopangwa katika safu tatu. De Heinzelin aliihesabu: 60, 48 na 60. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Katika safu nyingine, 3 iko kando ya 6, na 4 kando ya 8. Mwaka wa 1962 aliandika katika jarida la Marekani, Scientific American, kwamba watu wa Ishango walijua hesabu, na kwamba ujuzi huo huenda ulifika hadi Misri.

Mmarekani Alexander Marshack aliuchunguza mfupa kwa hadubini, akaona humo kalenda ya mwezi. Mikato yote ni 168, na miezi sita ya mwandamo ina siku 177 hivi. Wataalam wengine wanakataa maelezo yote mawili: wanasema mikato ilizuia tu mkono usiteleze. Mabishano hayo hayajaisha.

De Heinzelin alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Gent. Mwanzoni aliukadiria mfupa kuwa na miaka isiyozidi 11,000. Vipimo vya baadaye vilionyesha miaka 20,000 hivi. Alifariki mwaka wa 1998.

Mfupa wenyewe umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sayansi mjini Brussels. Mwanafunzi wa Uvira au wa Beni anayetaka kuona kwa macho yake hesabu iliyochongwa Kivu ni lazima kwanza apate visa ya Ulaya.