Josiah Mwangi Kariuki: Kutoka Kabati-ini hadi Gilgil

Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Wakenya walimwita J.M., alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota katika eneo lililotengewa walowezi wa Kizungu. Skwota aliruhusiwa kulima kipande na kufuga mifugo michache, naye alilipa kwa jasho lake katika shamba la bwana. Hivyo J.M. alikulia juu ya udongo wenye rutuba ambao jamaa zake hawangeweza kuuita wao. Suala la ardhi lilimkuta kitandani, nalo halikumwacha mpaka kaburini.

Elimu nayo haikumjia kwa urahisi. Alianza shule mwaka 1938 lakini akaiacha upesi kwa kukosa karo, akaenda kufanya kazi katika shamba la mlowezi. Mwaka 1946 bahati ilimwangukia: alicheza kamari ya mbio za farasi, akashinda, na fedha hizo akazitumia kurudi darasani. Alikuwa kijana mkubwa miongoni mwa watoto, lakini hakuona haya. Alimaliza masomo ya msingi mwaka 1950, kisha akaenda Uganda kusoma katika King's College, Budo.

Aliporejea Kenya mwishoni mwa mwaka 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. J.M. alikula kiapo cha Mau Mau na kuwasaidia wapiganaji kupata fedha, viatu na mahali pa kujificha. Mwaka 1953 alikamatwa, na kwa miaka saba akahamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, Manyani na Lodwar zikiwa miongoni mwazo. Humo kalamu ndiyo iliyokuwa silaha yake. Aliandika barua za kulalamikia mateso ya wafungwa, na kwa barua hizo alipigwa vibaya. Aliachiliwa mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye kilitoka kitabu chake, Mau Mau Detainee, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mau Mau Kizuizini. Tawasifu hiyo iliitangulia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla kwa miaka kumi, nayo inastahili kusomwa na kila anayechunguza fasihi ya kizuizini nchini Kenya.

Baada ya uhuru alikuwa katibu wa Jomo Kenyatta, mbunge kutoka Nyandarua, na baadaye waziri msaidizi. Alitajirika pia. Alimiliki mashamba na farasi wa mbio, na wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha jambo hilo. Hata hivyo, mtoto huyo wa skwota hakunyamaza. Alidai kwamba waliopigania ardhi ndio waliosahauliwa wakati wa kuigawa, na akaonya kuwa uhuru ulikuwa unazaa matajiri wachache katikati ya umati wa mafukara. Alichangia shule nyingi za harambee, kwani aliijua aibu ya kufukuzwa kwa ajili ya karo. Serikali ilimnyima vibali vya kuhutubia mikutano. Wananchi nao wakamrudisha Bungeni katika uchaguzi wa mwaka 1974.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiondoka pamoja na maafisa wa usalama. Umma uliarifiwa kwamba alikuwa amesafiri kwenda Zambia. Kumbe maiti yake ilikuwa imekwisha kuonwa na mfugaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana kwa hasira. Kamati teule ya Bunge, chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, ilichunguza mauaji hayo na kutoa ripoti mwaka huohuo. Hakuna aliyepatikana na hatia hadi leo.

J.M. alizikwa katika shamba lake Gilgil, si mbali na Kabati-ini alikozaliwa. Alilala katika ardhi aliyoweza kuiita yake, jambo ambalo maskwota wengi wa kizazi cha wazazi wake hawakulipata. Kati ya sehemu hizo mbili, zote za Nakuru, kuna maisha ya miaka arubaini na mitano na madai mawili ambayo hayajapata jibu kamili: ardhi kwa aliyeimwagia jasho, na shule kwa mtoto asiye na karo.