Muhammed Said Abdulla na Riwaya za Bwana Msa: Maisha ya Mwandishi na Hatima ya Vitabu Vyake

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Muhammed Said Abdulla (1918–1991), na kuonyesha kwamba riwaya zake za Bwana Msa zinastahili kukusanywa katika chapa ya jalada gumu yenye michoro. Hoja yetu ni kuwa umbo la kitabu huamua, kwa kiasi kikubwa, muda ambao kazi ya mwandishi itaendelea kuishi.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako msafiri atokaye mjini hufika kwa barabara ipitayo Mwanakwerekwe. Huko husemwa Kikae, lahaja iliyo mbali kiasi na Kiunguja cha mjini. Lakini riwaya zake aliziandika kwa Kiunguja hicho cha mjini, na kwa ufasaha uliowafanya wengi wamhesabu miongoni mwa mabingwa wa nathari ya Kiswahili.

Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Baada ya miaka kumi aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*. Aidha, alisaidia kuhariri *Al-Falaq* na *Afrika Kwetu*. Kuanzia mwaka 1958 alihariri *Mkulima*, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Kazi hizo si jambo la pembeni. Mkaguzi wa afya hutafuta chanzo cha maradhi pale ambapo wengine huona husuda au shetani, na mhariri huizoea habari isiyo na ushahidi. Sifa hizo mbili ndizo zinazomjenga Bwana Msa.

Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata tuzo ya kwanza, ikachapishwa mwaka 1960. Zilifuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984).

Majina ya riwaya mbili za mwanzo yanatisha kwa makusudi. Mzimu ni mahali pa kuogopwa, na Giningi, katika masimulizi ya visiwani, ni makao ya wachawi. Msomaji huingia na hofu hiyo, kisha Bwana Msa, akifuatana na Najum, humwonyesha hatua kwa hatua kwamba nyuma ya kitisho yupo binadamu mwenye tamaa, urithi wa kugombania au siri ya nasaba. Wahakiki wameona hapa athari ya Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Hilo ni kweli, lakini hofu inayovunjwa ni ya Unguja, na mantiki inayoivunja imesemwa kwa Kiswahili kisichonuka tafsiri.

Tukirudi kwenye suala la chapa, inafaa kukumbuka kuwa sura ya Holmes, pamoja na kofia yake mashuhuri, imetokana kwa sehemu kubwa na michoro ya Sidney Paget katika jarida la *Strand*. Mchoraji wa Bwana Msa angekuwa na mtihani mgumu zaidi. Akichora pepo kwenye mzimu, atakuwa amemsingizia mwandishi. Akichora pango tupu, nyayo na uso wa mtu mwenye hofu, atakuwa amemfahamu.

Vitabu hivi vilitoka katika chapa za bei nafuu, na vimesomwa sana shuleni. Bei hiyo iliwafikisha wasomaji wengi, na hatuna budi kuishukuru. Hata hivyo, kitabu cha shule hutumiwa hadi kikachakaa. Ni nadra kuwekwa kabatini kwa ajili ya wajukuu. Nakala za awali zikipotea, tutapoteza pia ushahidi wa msamiati, tahajia na misemo ya Unguja ya wakati wake, na mtafiti hatakuwa na matini ya kulinganishia chapa za baadaye.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Kwa hiyo, chapa tunayoipendekeza ianze kwa kukusanya na kulinganisha nakala za kwanza za riwaya zote saba, ndipo afuate mchoraji, na mjalidi awe wa mwisho.