Ibn al-Nafis na Njia ya Damu

Mtu wa Adams Arcade, Nairobi, akitaka kwenda mjini hushika Barabara ya Ngong. Hapenyi kuta za majumba. Lakini matabibu wa kale, wakimfuata Galen Myunani, walishikilia kwamba damu hupenya ukuta wa moyo kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto.

Aliyewapinga ni Ala al-Din Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham, aliyesomea utabibu Damascus kisha akahamia Misri. Alisomesha pia fikihi ya Imamu Shafi, madhehebu ya wengi wa pwani yetu. Mwaka 1242, akikifafanua kitabu cha Ibn Sina, aliandika kwamba ukuta ule hauna tundu: damu hupita mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ifike kushoto.

Jambo hili, msomaji, si la vitabuni tu. Donge la damu litokalo miguuni kwa kawaida hukwama mapafuni. Lizukalo upande wa kushoto halina kizuizi. Laweza kupanda ubongoni, mtu akapigwa na kiharusi. Ndiyo maana, hata kabla madaktari wa Stanford, Marekani, hawajafaulu mwaka 1981 kumpandikiza mgonjwa moyo na mapafu kwa pamoja, wapasuaji wa moyo walichelea donge au kiputo cha hewa kisije kikabaki upande huo.

Ibn al-Nafis alifariki Cairo mwaka 1288. Inasimuliwa kwamba matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa kukutana na Mola wake na kileo tumboni. Nyumba na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri. Andiko lake la moyo lilisahauliwa hadi 1924, tabibu Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoliona Ujerumani.